Tangi Lenye Mazuti Lisiinuliwe

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani mnaosoma ukurasa huu pamoja na watoto, leo tuseme juu ya tangi la mazuti linalohamishwa kwa trakteri. Kila mtu wa kambi amekwisha kuliona. Ni sanduku la chuma, au chuma cha mviringo kilicholala juu ya miguu yake, lenye bomba la mkono juu, na mara nyingi linaingia litre 1000. Linawekwa karibu na pompa ya maji au karibu na grupu ya umeme, mahali ambapo kamioni ya mafuta haifiki vizuri. Kazi ikihama, tangi nalo linahama. Kapita anaita trakteri, mnyororo unafungwa, wasaidizi wawili wanashika pembe za tangi ili lisicheze, na safari inaanza. Watu wanafanya hivyo kila juma na hawaoni kama ni kazi ya hatari.

Mimi ni msaidizi wa munganga, si mekanisiye. Nilisoma shule ya ufundi ya uuguzi, sikusoma kujenga mashini. Lakini vidole na miguu inayopondwa inaletwa kwangu, na mtu anayefunga vidonda mwishowe anajifunza vinatoka wapi. Mawazo yangu ni haya, na ninayasema waziwazi hata kama kapita wengine hawatayapenda: tangi lenye mazuti lisiinuliwe na trakteri hata kidogo. Mafuta yatolewe kwanza. Na mkono wa mtu usiguse tangi ambalo halijakaa chini.

Ukimwuliza mfanyakazi hatari ya tangi la mazuti ni nini, atakujibu: moto. Ni kweli, moto upo, na hakuna anayeruhusiwa kuvuta sigara hapo. Lakini mazuti si esansi. Esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata wakati wa baridi kali. Mazuti haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la kupita digrii 50 hivi, au imwagike juu ya kitu cha moto sana kama bomba la moshi la mashini. Kwa hiyo watu wanaogopa moto, wanazima sigara, wanaleta kizima-moto, kisha wanaona wamemaliza usalama. Uzito hawaufikirii, na hata nyuma ya tangi watoto wa shule wanaandika majina yao kwa kidole kwenye vumbi kama ukutani.

Basi tuhesabu uzito huo pamoja. Litre moja ya maji ni kilo moja, kila mtu anajua. Litre moja ya mazuti ni nyepesi kidogo, karibu gramu 840. Kwa hiyo litre 1000 za mazuti ni kilo 840. Ongeza chuma cha tangi, bomba, na miguu yake: tunafika karibu tone moja, na pengine tunapita. Hata pipa la kawaida la litre 200 likijaa mazuti linakaribia kilo 190. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mashauri yake juu ya mizigo, lilitaja kilo 55 kuwa kipimo cha juu cha mzigo ambao mwanaume mzima abebe kwa mikono mara kwa mara. Pipa moja ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Tangi lililojaa ni karibu mara kumi na nane. Sasa niambieni, wandugu, yule kijana anayeshika pembe ya tangi kwa mkono anazuia nini? Hazuii kitu. Siku tangi likitaka kwenda, litakwenda naye.

Na uzito huu una tabia mbaya kuliko uzito wa jiwe. Jiwe likifungwa vizuri linatulia. Mazuti haitulii. Trakteri ikisimama ghafula, mafuta yote yanakimbia mbele na kupiga ukuta wa tangi. Ikikata kona, yanakimbia upande. Mama zetu wanajua jambo hili kuliko mashofere. Mtazameni mama anayetoka bombani na beseni kichwani: anaweka majani mawili matatu juu ya maji, sababu maji yakianza kucheza yatamvuta shingo na kumwaga nusu ya kazi yake njiani. Kamioni kubwa za mafuta zina kuta ndani ya tangi, zenye matundu, kwa ajili hiyohiyo. Tangi letu dogo la shantiye mara nyingi halina kuta hizo. Ni beseni bila majani.

Hapa kuna kosa ambalo hata wakubwa wa kazi wanalifanya kwa nia njema. Wanasema: basi tupunguze, tulibebe likiwa nusu. Lakini tangi la nusu ndilo linalocheza sana. Likijaa kabisa, mafuta hayana nafasi ya kukimbilia. Likiwa nusu, kilo 420 zina nafasi yote ya kwenda huku na huku. Tangi la nusu likiinama kidogo upande mmoja, mafuta yanakwenda upande huo, yanaliinamisha zaidi, na mnyororo uliofungwa katikati sasa hauko katikati tena. Kwa hiyo nusu si dawa. Dawa ni kulitoa mafuta mpaka yabaki yale ya chini tu ambayo pompa haiwezi kuyavuta.

Sasa tuone trakteri yenyewe. Niliuliza mashofere na mekanisiye wa zamani kabla ya kuandika sehemu hii, na wote walisema namna moja. Trakteri ya magurudumu, ile ya shamba, ilijengwa kwanza kwa kuvuta. Uzito wake mkubwa uko nyuma, na kwa nyingi freni ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiweka tone moja kwenye mikono ya mbele, magurudumu ya mbele yanakuwa kama kisu cha mizani: mbele inashuka, nyuma inakuwa nyepesi. Shofere anakanyaga freni, lakini gurudumu la nyuma halishiki ardhi vizuri, linateleza. Na kadiri anavyoinua mikono juu, ndivyo trakteri inavyotafuta kuanguka upande. Kwa hiyo mzigo wa mbele unataka uzito wa kupima nao nyuma, uliofungwa kwa vyuma vyake, si mawe yaliyotupwa tu. Na unataka kubebwa chini, karibu na ardhi, kama sentimita 30 hivi, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Wengine hawainui mbele, wanakokota nyuma. Tangi lenye miguu ya kuteleza linaweza kukokotwa, sisemi hapana, lakini mnyororo ufungwe mahali pake pa chini, kwenye chuma cha kuvutia. Mtu anayefunga mnyororo juu, kwenye mti wa gurudumu au chini ya kiti, eti ili tangi linyanyuke pua lisichimbe udongo, anatengeneza jeneza la shofere. Tangi likikwama kwenye shina au kwenye jiwe, gurudumu la nyuma haliwezi kuzunguka, basi trakteri yenyewe inazunguka: mbele inapanda angani na mashini inamlalia shofere mgongoni. Inachukua chini ya sekunde moja kufika mahali ambapo hakuna kurudi. Hakuna shofere, hata awe hodari namna gani, anayepata nafasi ya kutoa mguu. Ndiyo maana Uswidi, mwaka 1959, ilitoa sheria kwamba trakteri mpya lazima ziwe na kizimba cha chuma cha kumkinga shofere, na nchi nyingine zikafuata. Kama trakteri yenu ina kizimba hicho, kisikatwe kwa sababu kinagonga matawi ya miembe. Na kama ina mkanda, shofere aufunge, sababu kizimba bila mkanda kinamkinga mtu ambaye amekwisha kutupwa nje.

Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, mambo haya yote yanazidi. Udongo wetu mwekundu wa Katanga unakuwa kama sabuni. Njia iliyobeba trakteri mwezi wa 8 haiwezi kuibeba mwezi wa 1. Ninasema njia itembelewe kwanza kwa miguu, na shofere mwenyewe, si kwa kuambiwa.

Sasa nifike kwenye mikono, sababu hapo ndipo penye maneno yangu.

Katika shantiye moja ambayo sitaitaja, waliinua tangi kwa mnyororo kutoka mikono ya mbele ya trakteri. Tangi lilikuwa na mafuta, hakuna aliyepima kiasi gani. Lilianza kuzunguka pole pole, kama tangi linavyofanya likining'inia. Kapita akapiga kelele: «Shikilia! Shikilia!» Kijana mmoja akashika pembe, akaweka kisigino chini, akasukuma. Mbele yake tangi, nyuma yake ukuta wa nyumba ya pompa. Trakteri ilisogea labda nusu metre. Kijana hakupiga hata kelele kubwa. Walipomleta kwangu alikuwa na vidole vinne vya mkono wa kuume ambavyo havikuwa tena na umbo la vidole, na mawili kati ya hivyo daktari aliyakata usiku uleule. Alikuwa na mke na mtoto wa miezi mitatu. Jambo alilouliza kwanza ni kama ataweza tena kushika spana.

Sisemi kwamba kapita yule alikuwa mtu mbaya. Namfahamu, ni baba wa watu. Lakini neno «shikilia» ni neno la hatari kuliko mnyororo uliokatika. Mtu akiambiwa «shikilia» na mkubwa wake, anashika; hafikirii kilo 840. Na sisi wenyewe tumelitukuza neno hilo. Tunamsifu kijana mwenye nguvu, tunamwita simba, tunacheka yule anayerudi nyuma. Kwangu hospitalini simba wanakuja wengi. Wale wanaorudi nyuma siwaoni, isipokuwa kwa malaria.

Kwa hiyo neno libadilishwe. Tangi likianza kuzunguka, neno ni «Shusha!». Shofere anashusha chini, tangi linakaa, watu wanatazama mnyororo tena. Na kama lazima liongozwe, liongozwe kwa kamba mbili ndefu zilizofungwa pembeni kabla ya kuinua, kila kamba mtu mmoja, mtu akisimama mbali kiasi kwamba tangi likianguka kwa upande wowote halimfikii. Kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni. Ishikwe tu, ili mtu aweze kuiachilia. Mtu mmoja peke yake anampa shofere ishara, na shofere asipomwona mtu huyo, anasimama. Lakini neno la kusimama linaweza kutoka kwa yeyote, hata kwa mtoto anayepita.

Najua mtanijibu nini. Kutoa mafuta kunachukua wakati. Grupu imesimama, pompa imesimama, maji yanajaa katika shimo, shefu anapiga simu. Ni kweli. Na ninyi mnajua kuliko mimi kazi ikisimama inakuwa namna gani. Lakini tuhesabu tena. Pompa nzuri ya mkono inatoa litre 200 katika muda usiozidi wa kunywa chai na kula mkate, na tangi la nusu linataka mapipa matatu hivi. Hata tukiweka saa moja nzima, na mapipa yakafuata kwa kamioni. Kijana wa vidole vile alipoumia, kazi ilisimama siku yote, ikaja komite, wakaja watu wa kuandika, trakteri ikafungwa siku mbili. Hapo sijahesabu miezi yake minne ya matunzo. Saa moja hiyo ilikuwa ya bei rahisi.

Na iko njia rahisi zaidi ambayo wengi hawaifikirii: hamisheni tangi siku mafuta yamekwisha. Grupu inakunywa kila siku kipimo kinachojulikana. Anayeandika mafuta kwenye daftari anaweza kujua siku tatu mbele kwamba tangi litakuwa tupu siku ya Alhamisi. Basi lihamishwe Alhamisi asubuhi kabla ya kamioni kuja kulijaza, badala ya kulijaza Jumatano na kulihama Alhamisi. Nimeona hilo la pili likifanyika zaidi ya mara moja, na sikuelewa.

Nikisema «toeni mafuta», tafadhali mtu asinyonye kwa mdomo. Ninajua desturi: mpira mmoja unaingizwa tanginini, mtu ananyonya mpaka mafuta yaje, anatema, anafuta midomo kwa mkono, na wenzake wanacheka. Mazuti ikiingia tumboni kidogo, mara nyingi inapita. Ikiingia mapafuni, hata kiasi cha kijiko, inachoma mapafu kutoka ndani. Mtu anakohoa mara mbili tatu, anasema nimepona, anaendelea na kazi. Usiku anapata homa na pumzi fupi. Mtu aliyemeza mazuti au esansi asipewe maziwa, asipewe mafuta ya ngazi, asitiwe kidole kooni ili atapike. Kutapika ndiko kunakopeleka mafuta mapafuni. Aletwe hospitalini, hata kama anajisikia vizuri, na aseme ukweli juu ya saa aliyomeza. Hatutamgombeza.

Upande mwingine wa mafuta ambao mashofere hawaujui ni yale ya kusukuma mikono ya trakteri. Yanakaa ndani ya mipira yakiwa na nguvu nyingi sana. Mpira ukipata tundu dogo kama la sindano, mafuta yanatoka kama uzi usioonekana, na mtu anapapasa kwa mkono kutafuta pale yanapovuja. Uzi huo unapita ngozi na glovu na kuingia ndani ya nyama. Jeraha linaonekana si kitu, alama ndogo tu, karibu haliumi. Baada ya saa chache mkono umevimba na umekuwa mweusi. Aliyeingiliwa na mafuta hayo apelekwe kwa daktari wa kupasua siku ileile, asingoje kesho. Kutafuta tundu kunafanywa kwa kipande cha karatasi ngumu au ubao, mashini imezimwa na mikono imeshushwa chini. Na mpira huohuo ukipasuka kabisa wakati tangi liko juu, tangi linashuka mara moja. Kwa hiyo hakuna anayepita chini yake, hata kuokota kofia.

Juu ya njia ya kulishika tangi sitasema mengi, mekanisiye wenu wanajua. Uma za chuma zinazopita chini ya miguu ya tangi, na tangi likafungwa kwenye uma kwa mkanda au mnyororo, ni bora kuliko kulining'iniza. Ndoo ya mbele haikufanywa kwa kubeba tangi. Tangi la mviringo ndani ya ndoo ni kama yai juu ya kijiko. Kwenye mteremko, mzigo wa mbele ukae upande wa mlima: kupanda unakwenda mbele, kushuka unashuka kinyumenyume. Mtu asipande juu ya tangi wala pembeni mwa trakteri. Trakteri ina kiti kimoja. Na waya za umeme zitazamwe kabla ya kuinua mikono. Zikiguswa, shofere akae kitini asitoke, wengine wakae mbali, mpaka umeme ukatwe. Kama moto unamlazimisha kutoka, aruke miguu yote miwili pamoja, bila kugusa trakteri na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aende kwa kurukaruka.

Jambo moja ninalitilia mkazo. Tangi nyingi za zamani hazina masikio ya kuinulia, na fundi anaambiwa ayachomelee. Tangi «tupu» lililokuwa na mafuta si tupu. Lina mvuke, na moto wa kuchomelea unapasha ukuta wa chuma na kuzalisha mvuke mwingine kutoka mabaki ya chini. Hata mazuti, ambayo nilisema haiwaki kwa urahisi, hapo inapiga kama baruti. Esansi ni mbaya zaidi. Kazi hiyo ifanywe ateliye, na watu waliofundishwa, baada ya tangi kuoshwa na hewa yake kupimwa. Kufungua kifuniko na kungoja upepo upite hakutoshi.

Ikiwa mtu amebanwa chini ya tangi, kelele zianze, mashini isimame, na yeyote asianze kumvuta mikono. Kama tangi linaweza kuinuliwa mara moja bila kuanguka tena, liinuliwe, na kabari ziwekwe chini kabla ya mtu kuingiza kichwa. Saa itazamwe. Tunataka kujua alibanwa tangu saa ngapi, sababu mguu uliobanwa muda mrefu ukiachiliwa, damu yake mbovu inakwenda kwenye moyo na mafigo, na daktari lazima ajue kabla. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila dakika kutazama. Msifunge kwa waya. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Nguo zilizolowa mazuti zivuliwe na ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, sababu mazuti iliyokaa chini ya nguo saa nyingi inachubua kama maji ya moto.

Na aksida iandikwe. Ninaliandika hili kwa kuwa nimewahi kupokea watu wenye ukucha uliopondwa wanaosema «ni mlango wa nyumba yangu». Mlango gani huo wenye mafuta ya mashini? Ninaelewa: ekipi ina siku nyingi bila aksida, kuna zawadi inayongojwa, na hakuna anayetaka kuwa yule aliyeivunja. Lakini ukucha wa leo ndio unaotuambia juu ya mkono wa kesho. Ukifichwa, mnyororo uleule unafungwa tena mahali palepale. Na yule mwenye ukucha, kidole kikioza baadaye, hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliumia kazini, na matunzo yake yanamgeukia yeye na watoto wake. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inataka kuwe na komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Wajumbe wa komite ni wenzenu. Wapelekeeni shauri hili, na ikiwa mnaliona baya, wapelekeeni shauri lililo bora.

Kwa komite naomba vitu vitatu, navyo havina bei kubwa. Kila tangi liandikwe ubavuni, kwa rangi nyeupe na namba kubwa, kilo zake likiwa tupu na kilo zake likijaa. Kila trakteri iandikwe kilo inazoweza kuinua, na namba hiyo itoke kwenye kitabu cha mashini, si kwenye kinywa cha mtu. Na kila tangi liwe na pompa yake ya mkono inayofanya kazi, sababu mahali pompa imekufa ndipo mdomo wa mtu unapofanywa pompa.

Nanyi mama, tangi lililofika karibu na kambi linawaita watoto: wanapanda, wanateleza, wanagonga chuma kusikia sauti. Wafukuzeni, hata kama baba yao ndiye shofere. Na pipa la mazuti lililokwisha, lile ambalo baba anataka kulileta nyumbani kwa baiskeli ili liwe la kuwekea maji ya mvua, lisiingie katika ua. Mafuta yanakaa kwenye mshono wa chini na kwenye kutu, hata likioshwa kwa mchanga na sabuni mara kumi. Maji yake mtayanusa wenyewe, na mtoto mdogo atayanywa bila kunusa.